Kadi za Mishipa ya Fahamu

Binti wa mgonjwa ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, na kifuani mwa blauzi yake zilikuwa zimechomekwa pini mbili alizozisahau tangu jana.

"Afande, sijui mnatafuta nini tena humu," alisema. "Mtu mnaye ndani. Mama amemtaja kwa kinywa chake mwenyewe."

"Saa nane mchana anasimamishwa mbele ya hakimu," Inspekta alijibu. "Nikifika pale nataka niwe najua ninachokisema."

Inspekta alivua viatu, akaingia kwa soksi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na askari wenzake walizoea kumtania kwamba huhoji watu kama anayewabembeleza walale. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

Chumba kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na kabati la droo ndogo lililofunika ukuta mzima. Hapa ndipo mama huyu alipofanyia kazi. Majirani walimwita Bibi Kamusi. Alikuwa amefundisha wauguzi kwa miaka thelathini, na tangu astaafu alikuwa akikusanya maneno ya maradhi ya mishipa ya fahamu, neno moja kwenye kadi moja, ili wauguzi wanafunzi wapate kitabu cha lugha wanayoielewa wagonjwa wao.

Jana asubuhi alikutwa na majirani sakafuni hapa, amepasuka juu ya sikio la kushoto. Hospitali walimzindua, lakini usemi ulikuwa umepotea. Alifungua kinywa, akahangaika, na kilichotoka ni neno moja tu, mara tatu, binti akisikia: "Mzururaji."

Na mtaa mzima ulimjua Mzururaji. Ni jina walilompa mzee mmoja asiye na makazi aliyelala mbele ya duka lililofungwa ng'ambo ya barabara, na ambaye kila asubuhi alikuja kukaa kwenye baraza ya Bibi Kamusi. Askari wa doria walimkamata hatua mia mbili kutoka hapa, anakimbia, mikono ina damu.

Inspekta alichuchumaa karibu na doa lililokuwa limekauka. Droo moja ya chini ilikuwa imeachwa wazi, na kwenye kona yake ya chuma zilinata nywele tatu nyeupe. Alitoa tepu, akapima. Kona ilikuwa usawa wa goti.

"Mama alipigwa akiwa amesimama au amekaa?" aliuliza.

"Nitajuaje? Sikuwepo."

"Kama alipigwa kwa fimbo, nywele zingebaki kwenye fimbo. Hizi zimebaki hapa. Kichwa ndicho kilichokuja kwenye droo."

"Basi alisukumwa."

"Huenda." Inspekta aliinua macho. Kwenye rafu ya juu kabisa, faili moja lilikuwa limevutwa nusu, linaning'inia. "Mama yako ni mrefu?"

"Kama wewe."

Inspekta alisimama chini ya rafu, akanyoosha mkono, akarudisha kichwa nyuma mpaka kisogo kikagusa mgongo. Vidole vililifikia faili, kwa shida. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, akaenda kwenye mfuko wa vielelezo aliokuja nao na kutoa koti kuukuu la kiume.

"Hili lilikutwa chini ya kichwa chake. Taarifa inasema mtuhumiwa alilidondosha akikimbia." Alilitandaza mezani, akaonyesha mistari ya mikunjo. "Lilikunjwa mara nne. Mikono imeingizwa ndani, vifungo vimegeuziwa chini visimchome. Wewe ni fundi, unaziona alama. Hivi ndivyo mtu anavyodondosha koti?"

Binti alilitazama lile koti. Kisha alivuta kile kiti kimoja, akakaa kwa uzito.

"Tuligombana kwa ajili yake," alisema. "Nilimwambia mama amfukuze barazani, au ahamie kwangu. Akakataa yote mawili. Mwezi mzima sikukanyaga hapa. Halafu nikaona haya, nikamshonea gauni. Gauni la kola ya kusimama, kama yale aliyokuwa akivaa zamani akifundisha. Nilimletea juzi. Jana ndiyo alilivaa, na sasa limejaa damu. Kama ningekuwa hapa, afande, asingeguswa na mtu."

"Pole, dada," Inspekta alisema, na akangoja mpaka binti akapangusa macho.

Kisha aligeukia kadi. Zilipangwa kwa alfabeti, na kila moja ilikuwa na namba kwenye kona, kwa mwandiko mnene wa mwalimu. Inspekta hakukusudia kuzisoma, lakini ya kwanza aliyoichomoa ilimshika.

*Mshipa. Neno moja limebebeshwa mizigo mingi: njia ya damu, njia ya fahamu, hata ngiri. Mgonjwa akisema "mshipa unaniuma," usiandike kitu bado. Muulize: unapiga, unavuta, au unawaka? Unaopiga ni wa damu. Unaowaka, yaelekea ni wa fahamu.*

Iliyofuata ilikuwa *Neva. Limekuja kwetu kutoka Kiingereza, kule lilitoka Kilatini, na Kilatini kina undugu na Kigiriki. Mwanzoni lilikuwa na maana ya ukano, au uzi wa upinde. Watu wa kale walipompasua maiti waliona kamba nyeupe, wasijue ipi inavuta msuli na ipi inabeba maumivu. Tusiwacheke. Na sisi tunasema mshipa.*

"Alikuwa anakaa na hizi mchana kutwa," binti alisema. "Nikimpigia simu ananiuliza, 'Mwanangu, mguu ukifa ganzi unasemaje?' Namwambia, mama, nasema umekufa ganzi."

Inspekta alitabasamu. Aliendelea kupekua, na punde aligundua kwamba chini ya kadi nyingi paliandikwa aliyetoa neno. Muuguzi wa zamu. Mama muuza mboga. Na mara nyingi kuliko wote, *jirani yangu wa barazani*.

*Sisimizi miguuni. Hivyo ndivyo anavyosema jirani yangu wa barazani: anahisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Nilipomwambia kuwa madaktari nao wana neno lililotokana na jina la mdudu huyohuyo kwa Kilatini, alicheka mpaka akakohoa. Akasema, kumbe hata wakubwa wanatambaliwa.*

*Uso mkavu. Habari haifiki usoni. Mwenye maradhi haya huonekana hana huzuni wala furaha. Sauti nayo hushuka, mikono hutetemeka. Asidhaniwe hajali. Jirani yangu wa barazani anajali kuliko wengi.*

Kadi hii Inspekta aliisoma mara mbili. Halafu alifungua faili la polisi na kusoma sentensi ya askari aliyemkamata mzee: *Mtuhumiwa alikuwa akitetemeka kwa hofu, usoni hakuonyesha majuto yoyote, na alitamka maneno yasiyosikika.*

"Dada," alisema taratibu, "mama yako akimzungumzia huyu mzee alimwitaje?"

"Alimwita jirani. 'Jirani yangu hajambo, jirani yangu ana kikohozi.' Nilikuwa nachukia kweli."

"Umewahi kumsikia akimwita Mzururaji?"

"Hapana," binti alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimwita hivyo. Mama alikuwa ananikemea."

"Kadi hizi ziko mia tatu na kitu, na katika nilizosoma hakuna hata moja inayomwita hivyo. Sasa mtu aliyebakiwa na neno moja tu kinywani, atamwita jirani yake kwa jina alilolikataza?"

Hakungoja jibu, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye pengo. Mia mbili na kumi na tatu ilikuwepo. Mia mbili na kumi na tano ilikuwepo. Kadi ya mia mbili na kumi na nne haikuwepo.

*

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mikono ameifungia katikati ya magoti ili isicheze. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

Mzee aliinua macho kwa mshangao. Midomo ikacheza. Askari wa zamu, kijana mwenye kifua kipana, alicheka puani. "Hasemi huyo, afande. Tangu jana ananong'ona tu."

"Tuletee maji, halafu zima hiyo redio."

Redio ilipozimwa, Inspekta alivuta stuli mpaka magoti yake yakakaribia ya mzee, akainamisha sikio. Sauti ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba kama inayotoka chumba cha pili, lakini ilikuwepo.

"Marahaba," mzee alikuwa akisema. "Marahaba, mwanangu. Yu hai?"

"Yu hai."

Mzee alifumba macho. Uso haukubadilika hata kidogo, ila machozi yalitiririka yenyewe, yakafika kidevuni.

"Nieleze ya jana," Inspekta alisema.

"Nilikuwa barazani. Yeye alikuwa ndani, ananisemesha kupitia dirishani. Anatafuta faili. Akasema, 'Ngoja, liko juu.' Nikasikia kishindo. Hakuna aliyeingia, mwanangu. Mlango ulikuwa huu hapa, mimi niko kizingitini."

"Ukaingia."

"Nikaingia. Nikamlaza ubavu, nikamwekea koti. Alifumbua macho kidogo. Alikuwa na kadi mkononi, akanitilia kiganjani, akanifumba vidole. Akasema, 'Daktari.' Nikakimbia." Aliitazama miguu yake. "Mimi kukimbia si kazi yangu tena. Nilifika mbali lakini."

"Hiyo kadi iko wapi?"

"Walininyang'anya. Niliwaambia ni ya daktari."

Askari wa zamu alikuwa amesimama na bilauri ya maji, hacheki tena. Bila kuambiwa, alikwenda kwenye kabati la mali za mahabusu, akarudi na bahasha. Juu yake paliandikwa: *Kitambaa kimoja. Kitana kimoja. Karatasi moja isiyo na maana.*

Inspekta alichomoa kadi ya mia mbili na kumi na nne.

*Mshipa mzururaji. Kwa Kilatini huitwa vagus, yaani anayezurura, kwa kuwa haukai mahali pamoja: watoka kichwani, washuka shingoni, wapita kwenye moyo na mapafu, hadi tumboni. Nimejaribu kuuita mshipa msafiri, lakini msafiri anajua aendako. Huu ni mzururaji. Ndio unaouambia moyo upunguze mwendo. Ukisema kwa nguvu mno, moyo husita, na mtu huanguka.*

Aliigeuza. Nyuma paliandikwa kwa penseli, mwandiko ukiwa umelegea kidogo. Inspekta alisoma mpaka mwisho, kisha akaitia kadi mfuko wa ndani, si kwenye mfuko wa vielelezo.

"Ulijua imeandikwa nini?" alimuuliza mzee.

"Macho yangu hayaoni herufi ndogo. Nilidhani ni anwani."

*

Hospitalini, muuguzi wa wodi alikuwa akimkunjia mgonjwa shuka. Bibi Kamusi alilala na bendeji kichwani, macho yako wazi, mahiri, yakimfuata kila aingiaye. Pembeni, mashine ilikuwa ikihesabu mapigo ya moyo kwa mlio mdogo.

"Kuna kitu nilitaka kumwambia daktari," muuguzi alimnong'oneza Inspekta. "Alfajiri nilipokuwa namfuta shingo kwa taulo, mashine ilinyamaza. Sekunde tatu, nne. Nikadhani waya umechomoka. Nikaondoa mkono, ikarudi."

"Upande upi?"

"Huu wa kulia. Hapa chini ya taya."

Daktari aliitwa. Alikuwa kijana aliyekonda, mwenye usingizi. Inspekta alimpa kadi aisome upande wa mbele, na usingizi ukamtoka.

"Nani aliandika hii?"

"Mgonjwa wako."

"Ni sahihi kabisa." Daktari alivuta kiti. "Kuna watu, hasa wakishazeeka, shingo yao ina sehemu nyepesi mno. Ukiibana kwa kola, au akirudisha kichwa nyuma sana, mshipa huu unapokea habari ya uongo, unauamuru moyo usimame kidogo. Damu haifiki kichwani. Anaanguka kama gunia, hakuna aliyemgusa. Kuanguka huko ndiko kulikompasua, na damu iliyovuja ndani polepole, upande wa kushoto, ndiyo iliyogusa mahali pa usemi."

"Anaelewa tunachosema?"

"Kila kitu. Kinachomgomea ni kutoa maneno."

Inspekta alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaushika mkono wa mama. "Mama, nakuuliza mambo mawili. Unibane mkono kama ni ndiyo. Mzururaji uliyemtaja ni mtu?"

Mkono ulibaki umelegea. Mama alitikisa kichwa kwenye mto, kwa hasira, kama mwalimu aliyesikia jibu la ovyo kwa mara ya kumi.

Inspekta aliiinua kadi mbele yake. "Ni huyu?"

Vidole vya mama vilibana mpaka pete ya Inspekta ikamuuma. Akauvuta ule mkono, akaupeleka shingoni mwake, na daktari akauwahi hewani. "Taratibu, mama. Tumekuelewa. Tusije tukamwamsha tena huyo mzururaji."

Bibi Kamusi akacheka. Kicheko kilitoka kizima, hakikuhitaji neno lolote, na muuguzi naye akajikuta anacheka na shuka mikononi.

"Jirani yako ni mzima," Inspekta alimwambia. "Naenda kumtoa."

*

Mwendesha mashtaka aliondoa shauri saa saba na dakika arobaini, baada ya kusoma ukurasa mmoja wa Inspekta na kipande cha karatasi cha daktari. Aliuliza kama mzee ashtakiwe walau kwa uzururaji. Inspekta alimtazama tu, naye akafunga jalada.

Binti alikuwa akingoja kwenye ngazi za kituo. Inspekta alikaa chini kando yake. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuwa ameiandika kwenye ripoti.

"Hakuna mtu aliyemdhuru mama yako. Alizimia," alisema, akamweleza yote, kadi, shingo, mashine iliyonyamaza. "Nyuma ya kadi kuna maneno. Ningeweza kuyaficha. Lakini ni ya mama yako, na nadhani una haki nayo."

Binti aliipokea, akasoma kwa sauti ya chini.

*Amenipitia mara mbili. Ya kwanza, mwezi uliopita, natazama rafu ya juu. Ya pili, leo, najaribu gauni jipya mbele ya kioo, nilipofunga kifungo cha juu. Nimwambie daktari. Binti yangu asijue kwanza. Ameshona siku tisa, na kesho nitalivaa, akipita anione nalo.*

Binti aliupitisha ukucha kwenye ukingo wa kadi, kama anayetafuta mshono.

"Siku tisa," alisema. "Sikumwambia. Alihesabu mwenyewe." Alisoma tena mstari wa gauni. "Ni mimi basi, afande. Ni kola yangu."

"Sitakudanganya. Kola ilichangia, huenda sana. Lakini soma tena ya kwanza. Mwezi uliopita gauni halikuwepo, na alizimia vilevile. Daktari anasema ingemtokea tu, labda barabarani, labda jikoni kwenye moto. Jana ilimtokea mahali ambapo palikuwa na mtu mlangoni."

Binti alilia kwa dakika kadhaa, na Inspekta hakumwambia anyamaze. Mlango wa kituo ukafunguka. Mzee alitoka hatua kwa hatua, askari wa zamu amemshika kiwiko kwa uangalifu kama anayebeba vyombo. Koti lake lenye doa alikuwa amelivaa, vifungo vyote.

Binti alisimama. Alijipangusa uso kwa kiganja, akamwendea.

"Mzee wangu," alisema, "mimi ndiye niliyetaka ufungwe."

Mzee alisema kitu. Binti alimtazama ule uso uliotulia, usioonyesha chochote, akasogea mpaka sikio lake likawa karibu na midomo yake.

"Nilisema," mzee alirudia, "nilikusikia jana hapa kituoni. Una sauti kubwa kama ya mama yako." Akavuta pumzi. "Anakula?"

"Supu. Leo asubuhi vijiko vinne."

"Vichache."

"Namwambia ale, anageuza uso ukutani."

"Ukimwambia ale, hali. Mkalie tu karibu, wewe ule. Atataka mwenyewe."

Binti aliangalia barabara, kule ghorofa ya hospitali ilikoonekana nyuma ya paa la soko. Alimpitishia mzee mkono kwapani. "Basi twende tukale sote mbele yake," alisema. "Tumwone atafanyaje."

Walishuka ngazi. Binti aliianza barabara kwa hatua zake za kawaida, akahisi uzito kwenye mkono, akapunguza. Wakapunguza tena. Walipofika katikati, lori lilisimama mbele yao na dereva akakandamiza honi.

Binti aliligeukia bila kuuachia mkono wa mzee.

"Piga mpaka betri iishe!" alimwambia dereva. "Tunavuka."